Chama cha Watunza Miiba

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini-magharibi, liko jimbo liitwalo Arizona, na katika jimbo hilo uko mji mkubwa uitwao Tucson. Mji huu umejengwa ndani ya jangwa la Sonora, na msafiri akishika njia ya kusini, kwa mwendo wa maili 60 hivi hufika mpaka wa Meksiko. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama inchi 11 tu, nayo huja mara mbili: manyunyu ya polepole wakati wa baridi, kisha mvua za radi na kishindo kuanzia mwezi wa Julai. Katikati ya mvua hizo jua huwaka hata mawe hayashikiki kwa mkono.

Mtu mgeni akisikia neno jangwa hudhani ni mchanga mtupu. Jangwa la Sonora silo hivyo. Ni pori hasa, ila pori lake limevaa miiba mahali pa majani. Iko mimea iliyo mviringo kama pipa, iko iliyojikunja chini kama nungunungu, iko midogo isiyopita ngumi ya mtoto. Uko na mmoja, uitwao cholla, ambao vipande vyake hukatika upesi sana, hata watu husema kwamba humrukia mpita njia. Kusema kweli haurukii mtu, lakini aliyekwisha nasa kipande mguuni hakubali kuambiwa hivyo. Dawa yake si kukivuta kwa vidole, maana vidole navyo vitanaswa. Watu wa huko huchukua kitana cha nywele, wakakipitisha kati ya ngozi na kipande, wakakirusha mbali.

Mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na mpungate, na ukoo huo huitwa kaktasi. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki ameuona mpungate, lakini labda hajui kwamba vile vipande bapa anavyoviita majani si majani, ni shina lenyewe. Majani ndiyo yaliyogeuka kuwa miiba, ili maji yasipotee kwa jua. Tena mpungate ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni Amerika, kama ilivyo asili ya karibu kaktasi zote. Katika misitu ya Afrika iko aina moja tu ya kaktasi, nayo haina miiba ya kutisha, bali huning'inia katika matawi ya miti kama kamba za kijani. Mnyaa, na ile miti mikubwa ya nyikani yenye matawi kama kinara cha taa, hufanana mno na kaktasi, walakini si ndugu zake. Mnyaa ukikatwa hutoka utomvu mweupe kama maziwa, wenye sumu, nao ukiingia jichoni ni hatari kubwa.

Mkubwa wa kaktasi za Marekani ni mti uitwao saguaro, na katika hadithi hii utaitwa msaguaro. Hapana budi kuueleza kidogo, maana asiyejua makuzi yake hawezi kuelewa kwa nini watu wazima huamka alfajiri na majembe kwa ajili yake. Tunda moja la msaguaro laweza kuwa na mbegu 2,000, nazo ni ndogo, nyeusi, mfano wa mbegu za mchicha. Nyingi huliwa na ndege na wadudu. Na chache zinazoota, nyingi zake hufa kwa jua au kwa baridi ya usiku. Inayopona, kwa kawaida ni ile iliyoangukia chini ya kivuli cha mti mwingine, nao mti huo huwa kama mlezi wake. Baada ya miaka 8 mche wenyewe haujapita inchi moja na nusu. Hutoa maua ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 35 hivi. Mkono wa kwanza huchipuka ubavuni miaka 50 hadi 75 imekwisha pita, na mahali palipo pakavu zaidi hungoja hata miaka 100. Mzee wa miti hiyo hufika kimo cha futi 40 na zaidi, na uzito wake akishiba maji waweza kufika tani 6. Umri wake ni miaka 150, hata 200.

Tena haukui kwa faida yake peke yake. Maua yake meupe hufunguka usiku, yakafungwa mchana wa siku ya pili, na katika muda huo mfupi popo na njiwa na nyuki huyajia kunywa. Kigogota hutoboa tundu shinani akafanya kiota. Mti huliziba jeraha kwa ganda gumu, na kigogota akihama, bundi mdogo huingia akakaa. Watu wa kabila la Tohono O'odham, ambao jangwa hili ni nchi yao tangu kale, huvuna matunda yake mwishoni mwa Juni kwa fito ndefu zilizotengenezwa kwa mbavu za misaguaro iliyokufa, wakayapika wakapata asali ya matunda. Kwao mavuno hayo ndiyo mwanzo wa mwaka.

Basi katika mji wa Tucson, mwaka 1960, watu wapendao mimea hii waliunda chama, nacho jina lake ni Tucson Cactus and Succulent Society. Chama cha namna hii hakikuwa jambo jipya duniani. Wajerumani walikuwa na chao tangu 1892, na mwaka 1929 kilianzishwa kingine kwa Marekani yote, huko Pasadena katika jimbo la California. Mambo yafanywayo katika vyama hivi hufanana. Wanachama hukutana kila mwezi wakamsikiliza mtu aliyetembea nchi fulani, akawaonyesha picha za mimea aliyoiona. Hubadilishana mbegu na vichipukizi. Hutoa gazeti lao. Hawapendi kaktasi peke yake, bali kila mmea unaoweka akiba ya maji mwilini, na kwa hiyo mtu akiingia nyumbani mwa mwanachama wa Tucson aweza kukuta dirishani mshubiri uliotoka Afrika, umewekwa chunguni na kuandikwa jina lake, unatunzwa kama mtoto mchanga, hali ndugu zake huliwa na mbuzi.

Vyama hivi hufanya na mashindano. Mimea huwekwa mezani, na waamuzi hupita wakitazama kama mmea una afya, kama umekua kwa umbo lake la asili, kama chungu ni safi na jina limeandikwa bila kosa. Katika mashindano mengi iko kanuni kwamba mmea uwe umekaa mikononi mwa mwenyewe miezi 6 au zaidi, ili mwenye fedha asije akanunua mmea mzuri jana na kuchukua tuzo leo. Kanuni nzuri! Mashindano yenyewe huleta husuda kidogo, kama mashindano yote, lakini hayo yapite.

Jambo linalokitofautisha chama cha Tucson na vingi vingine lilianza mwaka 1999. Mji ulikuwa ukipanuka kwa kasi. Kila mwaka watu walihamia kutoka majimbo ya baridi, wakataka nyumba, na nyumba zikataka viwanja, na viwanja ni hilo hilo pori la miiba. Tingatinga moja, asubuhi moja, laweza kusafisha ekari nyingi, na kaktasi ya miaka 60 huvunjwa kwa muda wa kukohoa. Wanachama waliona hayo wakasikitika kama walivyosikitika watu wengine. Kisha wakafanya kitu. Waliwaendea wenye viwanja wakaomba ruhusa ya kuingia mbele ya tingatinga na kuing'oa mimea ikiwa hai.

Kazi hiyo si rahisi hata kidogo. Huanza mapema kabla ya jua kupanda. Wafanyao kazi hawalipwi mshahara, tena wengi ni wazee waliokwisha acha kazi zao za maisha. Huja na sururu na majembe, glovu nene za ngozi, vipande vya mazulia yaliyochakaa, na mipira mikuukuu ya kumwagilia bustani. Kaktasi ya pipa haichukuliki kwa mikono. Hufukuliwa kwanza pande zote, na hapo watu hujifunza kwamba mizizi ya kaktasi haiendi chini sana. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, mbali mpaka mtu asidhani ni ya mmea huo, ili ipate kunywa hata mvua ndogo isiyolowesha zaidi ya kidole. Ikisha kukatwa mizizi, mmea hulazwa juu ya zulia, ukafungwa, ukabebwa na watu wawili au wanne mpaka garini. Miiba hupenya hata hivyo.

Kabla ya kuutoa ardhini, mtu hutia alama upande wa mmea unaotazama kusini. Kwa nini? Kwa sababu katika nchi ile jua hupita upande wa kusini, na ngozi ya upande huo imekwisha zoea ukali wake. Ukigeuzwa, ule upande laini wa kaskazini utaelekea jua, nao utaungua kama ngozi ya mtu aliyetoka hospitalini baada ya miezi ya kulala ndani. Kaktasi ya pipa yenyewe huinama upande wa kusini kadiri inavyozeeka, hata waliopotea njia hushauriwa kuitazama, ingawa si busara kuitegemea hiyo peke yake.

Kazi ngumu zaidi ni kuutafuta mmea wenye maua ya usiku, ambao wataalamu huuita Peniocereus. Huu hujificha katikati ya vichaka, nao kwa sura ni kijiti kikavu kilichokufa. Lakini chini ya ardhi una kiazi kikubwa, aghalabu cha ratili 5 hadi 15, na mara nyingine zaidi. Usiku mmoja wa mwanzo wa kiangazi kile kijiti hufungua ua jeupe kubwa lenye harufu nzuri, na kulipopambazuka limekwisha nyauka. Katika bustani ya Tohono Chul mjini Tucson watu hungoja habari ya usiku huo kila mwaka, wakaja na watoto wao kutazama. Aliyepewa kazi ya kukagua kiwanja akipita bila kukitambua kijiti hicho, tingatinga halitakitambua kwa niaba yake.

Kwa jinsi hii chama kimeokoa makumi ya maelfu ya mimea. Baadhi yake imepandwa katika bustani ya watu wote iitwayo Pima Prickly Park, ambayo chama kiliianzisha pamoja na serikali ya wilaya. Mingine hutolewa kwa shule na mahali pengine pa watu wote. Mingine huuzwa kwa bei nafuu, na fedha hurudi katika kazi.

Sasa liko jambo moja ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huona ni ukaidi. Sheria ya Arizona huilinda mimea ya asili ya jangwa. Mwenye kiwanja ana haki ya kukisafisha, lakini yampasa kuipa serikali habari kwanza. Na mtu yeyote atakayeuchukua mmea lazima awe na ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi, na kibandiko cha serikali chenye namba, kifungwe kwenye mmea. Wana chama huishika sheria hii bila kulegea. Mpaka wa ruhusa ukisha kuonyeshwa, kaktasi iliyo hatua moja ng'ambo ya mpaka haiguswi, hata ikiwa kila mtu ajua kwamba mwaka ujao nyumba zitafika pale pale. Ruhusa isipotolewa hawaingii. Wapo wenye viwanja waliokataa, kwa sababu zao, na wapo wasiojibu, na mimea ya viwanja hivyo huvunjwa.

Je, si afadhali kuruka ua usiku na kuiokoa? Swali hili ni la haki, na kijana mwenye moyo wa huruma ataliuliza. Jibu lake liko katika mambo yaliyotokea pengine. Kwa maana jembe la mwokozi na jembe la mwizi ni jembe moja, na hatua zao mchangani hazitofautiani. Katika dunia nzima wako watu wanaong'oa mimea ya jangwani ili kuiuza kwa matajiri wapendao vitu adimu. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 zilizoibwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, na baadhi yake zilikisiwa kuwa na umri uliopita miaka 100. Mwaka uliofuata zaidi ya 800 zilirudishwa Chile kwa ndege. Huko Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2019 hivi, mimea midogo isiyopita kidole gumba imeibwa kwa mamia ya maelfu. Hata katika hifadhi ya Saguaro, iliyo pande mbili za mji wa Tucson, askari wa hifadhi imewalazimu kutia chini ya ngozi ya misaguaro kadha wa kadha vyombo vidogo mno vyenye namba, ili ikiibwa ipate kutambulikana. Na mwizi wa mimea aweza kusema nini akikamatwa? Aweza kusema alikuwa akiiokoa. Basi kile kibandiko cha serikali ndicho kinachomwezesha mnunuzi, na polisi, na jirani anayechungulia dirishani, kujua ni nani kati ya wale watu wawili wenye majembe. Tangu mwaka 1975 uko na mkataba wa mataifa yote, uitwao CITES, unaodhibiti biashara ya kaktasi na ya mishubiri ya porini kutoka nchi hata nchi.

Yako na maneno mengine juu ya kazi hii, na haya hayajibiki upesi. Watu wengine, nao ni wapenzi wa jangwa vile vile, husema kwamba kuokoa mimea ni kumpunguzia mjenzi aibu. Akiulizwa habari za pori alilolifyeka, husema, "Tumeiita chama, wakaichukua mimea." Lakini pori si kaktasi tu. Yule nyuki, yule panya, yule kobe wa jangwani, na ule mti mlezi uliotoa kivuli, havichukuliwi kwa zulia. Maneno hayo yana uzito, wala hayafai kuchekwa. Wana chama hujibu kwamba wao hawatoi ruhusa ya kujenga, na wanapofika kiwanjani neno limekwisha katwa. Kinachobaki kuamuliwa ni kama kaktasi ile itakuwa hai kesho au itakuwa takataka. Pande zote mbili zasema kweli, na alfajiri haingoji mjadala uishe.

Tena iko misaguaro ambayo chama hakiiwezi. Mdogo hubebwa, lakini mkubwa wenye mikono hutaka mtambo wa kunyanyulia na mafundi wa kazi hiyo na fedha nyingi, na hata ukihamishwa salama, waweza kusimama kijani miaka kadha kisha ukafa, maana hufa polepole kama unavyokua polepole. Hiyo mingi huachwa mikononi mwa mwenye kiwanja. Mti wa namna hiyo si wa kufanyiwa mchezo. Mwaka 1982, jangwani karibu na mji wa Phoenix, kijana mmoja aliupiga msaguaro mkubwa kwa bunduki mara nyingi kwa kujifurahisha. Mkono wake ukavunjika, ukamwangukia, ukamwua.

Adui mwingine wa kaktasi za Tucson alitoka Afrika. Ni nyasi za malisho ziitwazo buffel, zilizopelekwa Arizona katika miaka ya 1930 ili kulisha ng'ombe na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Katika Afrika nyasi hizi ni chakula kizuri cha mifugo, wala hakuna anayezilaumu. Huko zimekimbia malishoni, zikapanda milima, zikajaza nafasi tupu zilizokuwa kati ya kaktasi na kaktasi. Zamani moto ukizuka jangwani ulikosa njia na kuzimika. Siku hizi nyasi kavu huupa njia, na msaguaro, ambao haukuzaliwa na desturi ya moto, huungua. Watu wa kujitolea hupanda milimani kuzing'oa kwa mikono, shina kwa shina. Wakati huo huo, katika nyanda za Laikipia nchini Kenya, mpungate kutoka Amerika umeenea malishoni, na wafugaji huona mbuzi na ng'ombe wao wakila matunda yake na kuumizwa vinywa na matumbo kwa miiba yake midogo. Huko wataalamu wameleta wadudu wadogo waulao mpungate ili kuupunguza nguvu. Kila nchi imemtumia mwenzake zawadi mbaya, pasipo kukusudia.

Mimea iliyookolewa ikisha kufika mjini haipandwi siku ile ile. Huwekwa kivulini siku kadha, mpaka vidonda vya mizizi vikauke, kwa maana kidonda kibichi kikitiwa katika udongo wenye maji huoza, na uozo wa kaktasi hupanda ndani kwa ndani bila kuonekana mpaka siku unapoanguka. Kisha huchimbwa shimo lisilo refu, mmea ukasimamishwa kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, na ile alama ikaelekezwa kusini. Mnunuzi hupewa kibandiko chake, na kuonywa juu ya jambo moja kuliko yote: asimwagilie maji mara moja. Wengi hushindwa kuvumilia, wakaua mmea kwa huruma. Aliyevumilia hungoja, na baada ya mvua za Julai hutazama mbavu zake. Zikiwa zimesinyaa na kukaribiana kama mikunjo ya mwavuli uliofungwa, mizizi haijashika bado. Zikiwa zimetanuka, imeshika.